Parcelle Moja, Ziara Moja

Simu ilitetemeka juu ya sahani ya bati. Emerance aliiweka pale kila mara wiki ya zamu yake ilipofika, sahani imepinduliwa juu ya kiti, ili mlio uwe mkubwa kuliko usingizi wake. Lakini aliyeamka kwanza alikuwa nyanya yake, Koko Adeline, aliyelala upande wa pili wa pazia. Alisikia bati likilia, likinyamaza, likilia tena. Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja kasoro dakika ishirini, na mtaa wote wa Bigo ulikuwa bado gizani.

"Emerance. Sahani yako inalia."

"Nimesikia, Koko. Lala."

Koko hakulala. Alimsikia mjukuu wake akivuta kompyuta kutoka chini ya kitanda, akasikia vidole vikigonga, kisha hakusikia kitu. Hata pumzi. Ukimya huo ndio uliomtoa kitandani.

Emerance, mwenye miaka ishirini na sita, alifanya kazi na wenzake watano chini ya mhandisi mmoja aliyeitwa Tharcisse. Pale mjini Bunia waliandika programu ya kompyuta kwa kampuni ya Ubelgiji ambayo hawajawahi kuiona kwa macho. Kampuni ile ilituma wahudumu kwa wazee wanaokaa nyumbani, kuwapa dawa, kuwaosha, kuwatengenezea kahawa. Programu ndiyo iliyomwambia kila mhudumu asubuhi: leo anza kwa fulani, kisha nenda kwa fulani. Jina lisipokuwa kwenye orodha, hakuna mtu anayekwenda.

Ujumbe ulikuwa wa mistari miwili, kutoka kwa mhudumu mmoja wa usiku. Madame Godelieve, jengo namba 14, mlango 3B, haonekani kwenye orodha yangu tangu Alhamisi. Amelazwa hospitali? Mnijulishe tu, nimekuwa nikimuwaza.

Hakuwa amelazwa. Emerance alitafuta mara tatu. Kisha akatafuta wengine, jina kwa jina.

"Kuko nini?" Koko aliuliza, amesimama na kitenge mabegani.

"Kuko bazee kule hawatembelewe, Koko. Kumi na moja. Tangu Alhamisi."

"Nani amekosea?"

"Ni siye ba hapa."

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na mtu wa Bunia asingeliona. Hanne, mwanamke aliyesimamia kazi upande wa Ubelgiji, alikuwa ameandika kwamba ziara za anwani moja ziwekwe pamoja. Tharcisse aliusoma mstari huo akauelewa kama angeuelewa mtu yeyote wa hapa. Unaingia kwenye parcelle, ua wa familia moja, unamsalimia koko, unamsalimia mama wa nyumba, watoto na yule anayepuliza moto. Ukishafanya hivyo umewatembelea wote. Nani anaingia parcelle moja mara tatu kwa asubuhi moja? Basi akaandika: anwani moja, ziara moja.

Emerance ndiye aliyeijaribu. Alihitaji watu wa kujaribia, akaweka parcelle yao wenyewe: Adeline, Falone mdogo wake, na yeye. Akatuma ziara moja kwa Koko, na alama zote tatu zikageuka kijani. Alimwita hata Koko aone. "Angalia, wamekutembelea weye, na siye wote tumepona," alimwambia, wakacheka. Akaandika kwamba iko sawa. Hakuna mtu katika kundi lao aliyeuliza ni watu wangapi wanakaa jengo namba 14. Kumuuliza chef, mkuu wao, swali la namna ile kungekuwa kumwambia kwamba hajaelewa.

Jengo namba 14 lilikuwa na milango arobaini.

*

Zilikuwepo sheria mbili, na mpaka asubuhi ile hazijawahi kugongana. Ya Hanne ilisema kwamba jambo lolote linalogusa mwili wa mtu liandikwe palepale kwenye ukurasa wa wote, ambao unasomwa na kila mtu wa Bunia na wa Ubelgiji, kisha ipigwe simu ya dharura. Ya Tharcisse ilisema kwamba hakuna neno linalovuka kwenda kule bila kupita kwake. Matatizo yetu tunayaongea hapa kwanza, alisema siku ya kwanza ya kazi, na wote waliona ni maneno ya mtu anayewalinda.

Emerance alipiga simu ya Tharcisse. Ilikuwa imezimwa. Tharcisse aliizima kila Jumamosi jioni na kuiwasha baada ya misa.

"Niandike kwa ukurasa wa wote?" Emerance alisema, kama anayejiuliza mwenyewe.

"Batu ngapi banasoma?"

"Makumi inne. Wazungu na siye."

Koko alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alifikiri taratibu, kama alivyofanya mambo yote. Tharcisse ndiye aliyemnunulia Emerance kompyuta ya kwanza. Koko alipopasuliwa jicho, Tharcisse alikaa kwenye benchi la hospitali kutwa nzima na gazeti ambalo hakulisoma, akisubiri tu kumrudisha nyumbani kwa gari lake.

"Apana," alisema. "Mutu kama ule hawaanike kosa yake mbele ya wageni. Tunaenda kwake. Mi naenda na weye, aone tumekuja na heshima. Ataandika yeye mwenyewe."

"Koko, ni saa inapita."

"Saa itapita na inje kungali giza. Unataka askari batupate mu barabara saa hii?"

Hilo lilikuwa kweli. Katika mji ule mtu hakutoka kabla mwanga haujaonyesha rangi ya mabati. Wakakaa. Koko aliwasha jiko, akazima. Alifunga mayai sita kwenye kitambaa, kwa sababu huendi kwa mtu mikono mitupu. Falone, mwenye miaka kumi na minne, aliamka akawaangalia wote wawili wamevaa viatu, wamekaa, hawasemi, akarudi kitandani akajifunika mpaka kichwani.

Emerance alifungua tena ukurasa wa Madame Godelieve. Miaka themanini na saba. Dawa ya moyo mara mbili kwa siku. Aliwahi kuanguka, mara mbili. Akaufunga, akaufungua.

*

Saa kumi na mbili walipata moto moja, pikipiki ya kukodi, wakapanda wote wawili nyuma ya dereva, Koko katikati, mayai mapajani, kompyuta mgongoni mwa Emerance. Tharcisse alikaa Mudzipela, ng'ambo ya mji. Kabla ya kufika huko, askari wawili waliwasimamisha kwenye kamba iliyovutwa barabarani.

"Fungua ile begi."

Emerance alifungua. Askari aliigeuza kompyuta kama mtu anayekagua samaki.

"Hii mashini ya nani?"

"Yangu."

"Yako. Na facture ya duka iko wapi?"

"Iko nyumba, chef."

"Wanamuke wawili na mashini, Jumapili, jua halijatoka muzuri." Akamgeukia mwenzake. "Unaona nini hapo?"

Mwenzake alikuwa akiangalia kitambaa cha Koko, akauliza:

"Na hayo mayai ya nani?"

"Ya kupelekea mutu," Koko alisema.

"Na mimi ni mutu."

Koko akamhesabia mawili mkononi. Askari aliyapokea kwa uangalifu sana, moja katika kila kiganja, kama aliyewahi kuwa na nyanya wa kwake, kisha akasimama hajui ayaweke wapi. Kamba ikalegezwa. Dakika kumi na tano zilikuwa zimepita. Dereva alikuwa amezima injini akasubiri muda wote bila kunung'unika, na walipofika hakuongeza bei. Koko aliliona hilo, akamtakia Jumapili njema mara mbili.

*

Aliyewafungulia ni Mama Grâce, mke wa Tharcisse, kitambaa cha kulalia kingali kichwani. Aliwaangalia usoni na hakuuliza. Aliwaketisha sebuleni, akapokea mayai manne kwa mikono miwili, akaleta chai kabla ya kumwita mumewe. Emerance aliweka kompyuta magotini. Alitaka kusema neno lililowaleta, lakini salamu zilikuwa bado: watoto wameamkaje, mvua ya Bigo, mguu wa Koko. Kila jibu lilimkata kama wembe.

Tharcisse aliingia amevaa shati la misa, vifungo vya mikono bado havijafungwa. Alikuwa mtu mnene mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani kabla ya kusema.

"Koko. Mpaka hapa, asubuhi hii? Kuko habari ya kufiwa?"

"Hatujue bado, Papa Grâce," Koko alimjibu.

Emerance akamgeuzia kompyuta. Tharcisse alisoma amesimama, kisha akakaa, akasoma tena.

"Nani ameona hii?"

"Mimi, na ule muhudumu wa kule ameandika."

"Kwa ukurasa wa wote?"

"Apana, chef. Amenitumia mimi, juu ya sababu niko kwa zamu."

"Asante Mungu." Alifuta miwani kwa ncha ya shati. "Leta. Ni mustari moja. Nusu saa nimetengeneza, kesho asubuhi majina yote iko kwa orodha. Hakuna mutu atajua."

"Kesho," Emerance alisema.

"Orodha ya leo imekwisha kutoka. Unataka nifanye nini?" Vidole vyake vilikuwa tayari vinatembea. "Kesho kutwa, Mardi, tunatia sahihi ya mwaka muzima. Unajua Hanne alisema nini mwezi uliopita? Kuko kundi ingine, inchi ingine, banaomba nusu ya bei yetu. Alisema akicheka. Mi sikucheka. Weye na wenzako watano, kila mutu na nyumba yake nyuma. Falone anasoma na nini? Koko anakula dawa ya macho na nini?"

Hakupaza sauti. Aliongea kama mtu anayemfunika mtoto blanketi.

Koko alikuwa hajagusa chai. "Emerance, huyu mama jina yake nani?"

"Godelieve."

"Godelieve." Alilitamka vizuri. "Mi niliimbaka na Godelieve mumoja mu chorale ya kanisa, kule Fataki. Alikuwa na sauti ya juu sana. Na huyu, iko na batoto?"

Emerance aliangalia. "Moja. Anaishi mbali."

"Na batu ba parcelle?"

"Haina parcelle, Koko. Ni jengo. Ni milango, milango, mpaka juu."

"Sawa, ba mulango ya pembeni. Basipomuona siku tatu, banagonga."

"Pengine hawamujue."

"Mutu wa pembeni hakujue?"

"Ni vile inakuwaka kule, Koko," Tharcisse alisema bila kuinua macho.

Koko alilifikiria hilo. Alijaribu kuona nyumba ambayo mtu anakaa karibu kiasi cha kusikia kikohozi chako na hajui jina lako.

"Na ufunguo iko kwa nani?"

"Iko inje, mu kasanduku ya chuma," Emerance alisema. "Muhudumu tu ndiye anajua namba."

"Basi hakuna mutu anaingia, isipokuwa ule ametumwa na orodha."

"Ndiyo."

"Na orodha ni siye."

Koko alisukuma kikombe mbele kidogo, mbali na mkono wake.

"Papa Grâce, mutoto wangu, sikia. Huyu alitaka kuandika mbele ya saa kumi na moja. Ni mimi nilimukataza. Mi nilikuwa najisemea, mu ile nyumba kuko batu bengine, saa moja mbili haiwezi kuharibu kitu. Sasa unaniambia hakuna mutu. Basi ni mimi nimemuacha pale chini masaa mbili na nusu ingine, juu ya heshima yako. Nimekuja nayo mpaka hapa, nakurudishia. Andika weye."

"Hatujue kama iko chini, Koko. Pengine amelala tu vizuri kwa kitanda."

"Pengine."

"Pengine ule mutoto alimupitia."

"Pengine."

Tharcisse alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa wa kijana. Kengele ya parokia ilianza kulia, na chumba cha nyuma watoto walisikika wakitafutana viatu. Alinyoosha kidole juu ya kompyuta, akakirudisha.

"Siwezi," alisema taratibu. "Batu sita. Siwezi."

Emerance aliivuta kompyuta kwake. "Naandika, chef."

"Kwa jina ya nani?"

"Yangu. Mi nilijaribu, mi nilisema iko sawa."

"Jina yako iko chini ya jina yangu, Emerance." Sasa alisimama. "Ukiandika bila ruhusa yangu, usirudi tena kwangu. Weye wala..." Alimwangalia Koko, akaacha. Lakini kila mtu sebuleni aliisikia sehemu iliyobaki. Mama Grâce alikuwa mlangoni na sukari mkononi.

Emerance aliandika kwa Kifaransa, sentensi nne. Watu kumi na mmoja hawajatembelewa tangu Alhamisi. Kosa ni la programu yetu. Majina ni haya. Tafadhali tumeni watu sasa hivi, anzeni na jengo namba 14, mlango 3B. Alitafuta neno la kupunguza uzito, hakulipata, akabonyeza. Ilikuwa saa moja na dakika kumi na mbili. Kisha akapiga simu ya dharura. Sauti ya mwanamume ikasikiliza, ikarudia namba ya mlango, ikasema imepokea, ikakata. Bila salamu ya kufungua wala ya kufunga.

Walipotoka, Tharcisse hakuwasindikiza. Aliyewafuata mpaka lango ni Mama Grâce. Pale aliinama akakunja ncha ya kitenge cha Koko iliyokuwa ikiburuta kwenye udongo.

*

Jibu la Hanne lilikuja wakiwa wamekwisha kufika Bigo. Neno moja la Kifaransa.

"Maana yake nini?" Falone aliuliza.

"Ameona."

"Basi?"

"Basi."

Hawakwenda kanisani. Falone aliweka kompyuta juu ya meza ya chakula, akamletea Koko kiti chenye mgongo, na Koko akakaa mbele ya kioo asichojua kukisoma, akitazama alama kumi na moja za kijivu. Emerance alikuwa amemweleza: ikigeuka kijani, mtu ameingia ndani, na huyo mzee yuko salama.

Ya kwanza iligeuka saa mbili. Mzee aliyekuwa kwa binti yake tangu Jumatano, hakujua hata kama alisahauliwa. Kisha mbili pamoja, mume na mke wa mlango mmoja, wamekosa dawa lakini wazima, wamekasirika. Kisha moja, kisha tatu. Kila mara Koko alisema jina kama alivyosomewa, kwa matamshi yake, akainamisha kichwa. Nyimbo za misa ya pili zilifika kutoka mbali. Jirani aliingia kuomba chumvi, akaona nyuso zao, akaondoka bila chumvi.

Saa nne zilikuwa kumi za kijani. Ya 3B ilibaki kijivu.

"Pengine ni connexion ya internet," Falone alisema.

"Nyamaza, Falone."

Emerance alikwenda nyuma ya nyumba akachota maji yasiyohitajika. Aliporudi, Koko alikuwa hajasogea. Mkono wake ulikuwa juu ya meza karibu na ile alama, umelazwa, kama unavyoulaza karibu na mgonjwa ambaye hutaki kumgusa ukamwamsha.

Saa tano kasoro alama ikageuka, lakini si kijani. Ilikuwa nyekundu, na chini yake maandishi. Emerance aliyasoma kimya kwanza. Koko alimshika kifundo cha mkono.

"Sema tu."

"Amekutwa jikoni. Chini. Alianguka Ijumaa asubuhi. Iko muzima, Koko. Mufupa wa nyonga umevunjika. Wamemupeleka hospitali. Alivuta kitambaa ya meza, chupa ya maji ikaanguka karibu yake, ndiyo alikuwa anakunywa. Maji ilikwisha jana. Alikuwa anagonga chini na kijiko. Batu ba chini yake walifikiri ni fundi."

Koko hakusema asante Mungu. Aliendelea kukishika kile kifundo, na midomo yake ilihesabu kitu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Kisha akafika kwenye zile saa mbili na nusu, akazihesabu mara mbili.

*

Jumatatu saa tatu wote waliitwa kwenye mkutano, nyuso katika miraba midogo ya kioo. Emerance aliufanya akiwa nyumbani. Koko alikaa nyuma ya pazia, na Falone, ambaye shule yake ilianza mchana, alikaa naye akimtafsiria sikioni. Mraba wa Tharcisse ulikuwa mweusi, jina tu.

Hanne alianza na saa, bila salamu. Mhudumu aliandika saa kumi na dakika arobaini. Ujumbe wa Bunia umefika saa moja na dakika kumi na mbili. Katikati kulitokea nini?

Hilo ndilo swali ambalo Emerance hakulala usiku kwa ajili yake. Angeweza kusema: chef alinikataza. Lilikuwa kweli, na lingemwokoa.

"Tulisubiri mwanga," alisema. "Kwetu hatutoki gizani. Kisha nilikwenda nyumbani kwa mkuu wangu."

"Kwa nini nyumbani kwake?"

"Kwetu mtu mkubwa haambiwi kosa mbele ya watu. Unamfuata nyumbani, na mzee wako. Ni mimi niliyechagua hivyo. Nilipaswa kuandika kwanza."

Mtu mmoja wa Ubelgiji alikunywa maji. Kisha mraba mweusi ukawaka, na Tharcisse akaonekana, hajanyoa, ukuta wa sebule yake nyuma.

"Alinikuta kabla ya saa moja," alisema. "Nilimwambia asiandike. Akaandika. Na ile kanuni niliiandika mimi. Nilifikiri watu wa anwani moja ni watu wa nyumba moja."

Falone aliacha kutafsiri. Koko alimsukuma kiwiko.

Hanne alisema kwamba mstari ule wa anwani moja aliuandika yeye mwenyewe, upesi, Ijumaa moja mchana, na haikumjia kwamba anwani inaweza kuwa kitu kingine zaidi ya ngazi na milango. Alisema: mkiniuliza swali, sitafikiri hamjui kazi. Mniulize. Kisha akasema, kwa sauti ileile, kwamba kazi imesimama mpaka uchunguzi uishe, na hakuna sahihi kesho. Hakusema uchunguzi utaisha lini.

"Ule mama amelia usiku," Koko alinong'ona. Alikuwa ametoa jicho moja pembeni ya pazia. "Angalia blause yake. Ameivaa inje ndani."

*

Wiki zilizofuata, woga ulikaa nao mezani kama mgeni asiyeaga. Wenzake wa Emerance hawakupiga simu. Sokoni mama wa mmoja wao alimwona Koko akageukia nyanya za upande mwingine, akawa anazichagua bila kununua. Dawa ya macho ilipoisha, Koko alisema jicho limepona. Simu ilihamishwa kutoka kwenye sahani ya bati, na Falone akaanza kula ugali kwenye sahani ile, lakini kila kijiko kilipogonga bati Emerance alishtuka.

Jumamosi ya wiki ya tano mtu alikohoa nje ya lango. Tharcisse alikuwa amekuja kwa miguu, kompyuta kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Koko alimpa kile kiti chenye mgongo. Alizungumzia mvua. Alizungumzia mguu wa Koko. Emerance alisimama kwenye mlango wa nyumba, mikono imekunjwa, kama mgeni nyumbani kwake mwenyewe.

"Wamejibu," Tharcisse alisema mwishoni. "Miezi mitatu. Si mwaka. Kisha wataangalia. Na kila swali, kwa ukurasa wa wote." Alifuta miwani. "Kanuni mupya nimeandika. Kila mulango jina yake. Sijaituma. Nataka weye uijaribu kwanza, useme pale mbele ya bote kama kuko kosa."

"Hata kama ni yako, chef?"

"Ni juu ya sababu ni yangu."

Kisha akafungua kompyuta, akamgeuzia Koko kana kwamba Koko anasoma. Madame Godelieve alikuwa amerudi nyumbani jana, na fimbo ya kutembelea ya miguu minne. Mhudumu alikuwa ameandika maneno ya bibi huyo. Tharcisse aliyasoma polepole, kwa Kiswahili: kahawa iliyoletwa ilikuwa baridi, mhudumu anaongea mbiombio, na dirisha amelifunga vibaya.

Koko alicheka mpaka akajipangusa jicho lile lililopasuliwa. "Analalamika. Basi amepona."

Tharcisse alipoaga, Koko alichukua fimbo yake akamsindikiza, na Emerance akafuata nyuma hatua tatu. Walipita lango, wakapita mfereji, wakafika barabarani. Tharcisse alisimama. Aliongea akiangalia upande wa Mudzipela, si kwao.

"Mama Grâce anauliza mutakuja lini. Anasema ile chai ya siku ile hamukuikunywa. Mukuje tena."